Gari la Zamani au Jipya: Tupime Kabla ya Kununua

Wengi wetu tuishio London husita kati ya magari mawili: la dizeli la mwaka 2012, la bei nafuu, na la petroli la 2019, la bei maradufu. Rahisi ghali, walisema wahenga. Tangu tarehe 29 Agosti 2023, eneo la ULEZ limeenea katika mitaa yote ya London. Gari la dizeli lisilofikia kipimo cha Euro 6 lilipangiwa ada ya pauni 12.50 kwa kila siku liendeshwapo. La petroli hutakiwa Euro 4 tu. Basi aendaye kazini siku 20 kwa mwezi hutoa pauni 250, sawa na pauni 3,000 kwa mwaka.

Hata hivyo, upya pekee si hoja. Gari jipya la mkopo wa riba humlemea Muislamu maradufu. Afadhali la petroli la 2008 lililotunzwa vyema, likalipwa taslimu. Kabla ya kutoa fedha, tutazame historia ya ukaguzi wa MOT, ipatikanayo bure kwa namba ya gari: maili zilizoandikwa na kasoro zijirudiazo kila mwaka hufichua ayanyamaziayo muuzaji. Tupime gharama za mwaka mzima, si bei ya siku moja.