Itikafu ya Mwenye Zamu: Je, Asiyeweza Siku Kumi Ana Fungu?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila mwaka inapokaribia tarehe 20 ya Ramadhani, hapa Katoro huulizwa swali moja kwa sura nyingi. Mji huu ni wa soko na dhahabu, na watu wake wengi wanaishi kwa zamu: huyu anashuka duarani, yule analinda karasha, mwingine yuko mwaloni anachenjua, na mwingine ana meza yake sokoni. Ramadhani iliyopita kijana mmoja mchimbaji alinijia baada ya Tarawehe, akaniambia kuwa ameelezwa kwamba itikafu ni siku kumi kamili au hakuna, na kwa kuwa yeye hana siku kumi, ameacha. Nikamuuliza usiku anakuwa wapi. Akasema: "Nipo tu sheikh, nalala gheto."

Jibu la kijana huyu limo katika vitabu vile vile ambavyo masheikh wetu wamevisomesha miaka yote. Itikafu kwa lugha ni kushikamana na kitu na kuizuia nafsi juu yake. Kisharia ni kukaa msikitini kwa nia ya ibada. Ni ibada kongwe, kwani katika Suratul Baqara aya ya 125 Nabii Ibrahim na Nabii Ismail (a.s.) waliusiwa kuitakasa Nyumba kwa ajili ya wenye kutufu, wenye kukaa itikafu na wenye kurukuu na kusujudu. Na katika aya ya 187 ya sura hiyo hiyo wanaokaa itikafu misikitini wamekatazwa kuwaingilia wake zao.

Ama Mtume (S.A.W.), amepokea Bi Aisha (r.a.) kwamba alikuwa akikaa itikafu kumi la mwisho la Ramadhani mpaka alipofariki, kisha wakeze wakakaa baada yake. Na amepokea Abu Huraira (r.a.) kwamba mwaka aliofariki alikaa siku ishirini. Hiyo ndiyo sunna kamili, wala hatuishushi daraja. Mwenye uwezo wa kumi asijipunguzie. Aingie msikitini kabla ya jua kuchwa siku ya 20, na ni bora alale humo usiku wa Idi, atoke asubuhi kuelekea kwenye swala.

Lakini ukamilifu wa jambo si sharti la kusihi kwake. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa ameweka nadhiri zama za ujahilia kwamba atakaa itikafu usiku mmoja katika Msikiti Mtukufu wa Makka. Alipomuuliza Mtume (S.A.W.), aliamrishwa aitimize nadhiri yake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na wanavyuoni wa Kishafii wametoa humo hukumu mbili: kwamba usiku mmoja unatosha, na kwamba saumu si sharti, kwa kuwa usiku haufungwi.

Ndio maana Abu Shujaa katika Matini yake, ambayo mwanafunzi wa madrasa huisoma akiwa bado kijana, ametaja masharti mawili tu: nia, na kukaa msikitini. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H) katika Minhaj amelitegemeza jambo kwenye kadiri inayostahiki kuitwa kukaa, na wenye kusherehesha wakasema ni zaidi ya utulivu wa rukuu. Kupita tu msikitini hakutoshi. Imamu Malik yeye ameshurutisha saumu, na kwa Abu Hanifa saumu ni sharti katika itikafu ya nadhiri. Mahanafi pia wamelihesabu kumi la mwisho kuwa ni sunna iliyotiliwa mkazo, ikitekelezwa na baadhi ya watu wa mji inawaondokea wengine lawama. Huenda maneno ya "kumi au hakuna" yametokana na kuichanganya sunna hiyo na itikafu ya khiari, ambayo ina wasaa.

Tena tuangalie lililotafutwa katika kumi hilo. Abu Said al-Khudri (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikaa kumi la mwanzo, kisha la kati, kisha akajulishwa kuwa anachokitafuta kipo katika kumi la mwisho. Akawaeleza kuwa ameoneshwa akisujudu juu ya maji na udongo. Usiku wa 21 mvua ikanyesha, na paa la msikiti lilikuwa la makuti, likavuja. Asubuhi wakaona athari ya tope kwenye paji lake la uso. Kilichokuwa kikitafutwa ni Lailatul Qadri, nao ni usiku. Basi mwenye zamu ya mchana yale masaa yenyewe anayo mkononi mwake! Anuie anapoingia kwa ajili ya Isha, akae mpaka Alfajiri, aende kazini kwake. Jioni akirudi anuie upya. Ikiwa wakati wa kutoka alikusudia kurejea, azma hiyo inamtosha kuwa nia.

Wenye zamu ya usiku wana masaa ya mchana, hata kama ni baina ya Adhuhuri na Alasiri. Lakini asiache mtu zamu aliyokubaliana na tajiri wake kwa hoja ya itikafu. Mkataba ni wajibu na itikafu ni sunna. Vivyo hivyo aliyeacha watoto bila ya futari nyumbani hajaifahamu ibada hii.

Limebaki suala la mahali. Kule kwenye maduara vijana hutandika mikeka chini ya turubai wakaswali jamaa, na ni jambo jema mno. Lakini pale ni mahali pa kuswalia, si msikiti uliowekwa wakfu. Ardhi ina mwenye leseni yake, na dhahabu ikiisha turubai linahamishwa. Itikafu haisihi hapo kwa Mashafii, wala haisihi chumbani, hata kwa mwanamke katika kauli iliyo sahihi zaidi. Mahanafi wamemruhusu mwanamke mahali pa swala nyumbani kwake. Atakayekaa msikitini apate idhini ya mumewe, na pawe na sitara na amani.

Jambo jingine ni simu. Wapo wanaokaa siku zote kumi lakini bei ya dhahabu wanaipanga wakiwa wameegemea nguzo ya msikiti. Itikafu yao haibatiliki kwa hilo, ila kuuza na kununua msikitini kumekatazwa na ni makuruhu. Yule wa saa nane za usiku aliyezima simu namwona yuko karibu zaidi na maana ya neno lenyewe. Na wanaosoma Qur'ani wapunguze sauti, kwani Mtume (S.A.W.) akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakipaza sauti, akafunua pazia na kuwakataza wasiudhiane katika kisomo.

Mwisho nazungumza na wenzangu maimamu na kamati za misikiti. Katika miji yetu hii misikiti mingi hufungwa mara tu baada ya Tarawehe na Witri, kwa kuhofia wezi wa vipaza sauti na mazulia. Hofu hiyo ina haki yake. Basi pangeni walinzi wawili wawili kwa usiku hizi kumi, vyombo vifungiwe chumbani, mlango mmoja ubaki wazi. Yule kijana wa gheto nilimpa jibu lake, akafurahi. Usiku uliofuata alikuja akitoka kazini, akakuta kufuli.

Wallahu A'alam.