Wafu Watafufuka

Tarehe 2 Novemba Wakristu wengi wa Butembo na Beni huenda makaburini. Hung'oa majani, husimamisha misalaba iliyoangushwa na mvua, huweka maua. Padri hupita katikati ya makaburi akinyunyiza maji ya baraka. Mgeni asiyejua dini akiwatazama atauliza: Watu hawa wanamfanyia nani kazi hii? Wafu hawaoni wala hawasikii. Jibu ni fupi: Hao waliolala hapa wataamka.

Jibu hilo si la Wakristu peke yao. Katika miji hiyo wako Waislamu pia, ingawa ni wachache. Hununua chumvi katika soko moja na Wakristu, na huteka maji mahali pamoja. Mwislamu anaamini kwamba Mungu ni mmoja, ameumba mbingu na nchi, na kwamba siku ya kiyama atawafufua wafu wote na kuwahukumu kwa matendo yao. Kanisa limelisema jambo hili wazi. Tarehe 28 Oktoba 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Papa Paulo wa Sita pamoja na maaskofu walitoa andiko liitwalo Nostra Aetate. Humo wanafundisha kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, kwa kuwa wanamwabudu Mungu mmoja na kuingoja siku ya hukumu.

Hata maneno ya sala yanaonyesha ujirani huo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Unguja na pwani walipita Tabora, wakafika Nyangwe na Kasongo. Walitafuta pembe za ndovu na watumwa, na watu wa Kongo waliteseka sana mikononi mwao. Lakini Uislamu na Kiswahili vilipita njia ile ile. Ndiyo maana Mkristu wa Beni, akisema sala, roho, malaika, dhambi au kaburi, anatamka maneno yenye asili ya Kiarabu, na jirani yake Mwislamu huyafahamu bila kufasiriwa.

Basi, dini hizi ni moja? Sivyo. Tofauti kubwa ni Yesu mwenyewe. Waislamu humwita Isa, nabii mkubwa aliyezaliwa na Bikira Mariamu. Lakini hawasadiki kwamba ni Mwana wa Mungu, wala kwamba alikufa msalabani. Mkristu anasadiki kwamba Yesu alikufa kweli, akazikwa, na siku ya tatu akafufuka. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristu hakufufuka, imani yote ni bure.

Fikirini mtu amesimama ukingoni mwa mto Semliki wakati wa mvua nyingi. Maji ni mengi na yanakwenda kasi. Watu wanamwambia, "Mto huu unavukika." Labda atasadiki, labda atasita. Lakini akimwona mmoja aliyekwisha kuvuka, akarudi, naye anamwambia, "Nishike mkono," je, ataogopa kama kwanza? Huyo aliyevuka na kurudi ni Kristu. Mkono wake ni ubatizo. Kwa hiyo uzima wa milele hauanzi siku ya kufa. Huanza siku ile mtoto anapobatizwa, na hukua kwa neema ya Mungu, kama mtoto mwenyewe anavyokua.

Tumaini hilo lilipimwa sana miaka michache iliyopita. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka Mangina, karibu na Beni. Ukafika Butembo pia, na haukutangazwa kwisha hata tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Maiti ya mtu wa Ebola imejaa ugonjwa; anayeigusa huweza kuambukizwa. Sasa desturi ni nini? Waislamu humwosha maiti, humvika sanda nyeupe, humlaza uso ukielekea Maka. Wakristu nao humwosha, humvika nguo nzuri, humweka sandukuni, na jamaa humgusa mara ya mwisho. Yote hayo yalikatazwa. Walikuja watu waliojifunika mwili mzima, wakamtia marehemu katika mfuko, wakamzika, na jamaa wakasimama mbali.

Wengi walikasirika. Wengine waliwaficha wafu wao, na kwa hiyo ugonjwa ukaenea. Walikosa, lakini mtu asiwacheke: waliona kana kwamba mpendwa wao anatupwa kama mnyama. Na mtoto aliyemwona baba yake akizikwa vile aliweza kuuliza: Baba hakuoshwa, hakuvikwa, sikumgusa. Atafufuka?

Atafufuka. Maji, sanda na sanduku ni heshima ya walio hai kwa mwili uliokuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Ni heshima njema, lakini si hivyo vinavyomfufua mtu. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, katika Uganda, tarehe 3 Juni 1886. Miili yao iliteketea, wala Kanisa halina shaka juu yao. Mungu aliyemwumba mtu kutoka mavumbini hashindwi na mfuko. Waislamu nao hufundishwa kwamba kama kuosha maiti kunaleta hatari, sheria yao inaruhusu kuacha maji.

Liko jaribu jingine, gumu zaidi. Tangu Oktoba 2014 watu wenye silaha wa kundi la ADF, lililoanzia Uganda, wameua watu wengi mno katika Beni, Oicha, Mbau na Eringeti. Hujisifu kwamba wanapigania Uislamu. Mtoto aliyefiwa aweza kumtazama Mwislamu wa jirani na kusema moyoni, "Huyu ni mmoja wao." Basi asikie habari hii. Sheikh Ali Amini alikuwa kiongozi wa Waislamu wa Beni, naye alisema waziwazi dhidi ya wauaji. Tarehe 1 Mei 2021, mwezi wa Ramadhani, alipigwa risasi msikitini wakati wa sala ya jioni, akafa. Tarehe 27 Juni mwaka ule ule bomu lililipuka katika kanisa Katoliki la Emmanuel-Butahe, mjini Beni, watoto wakingojewa kupewa Kipaimara. Wanawake wawili walijeruhiwa. Katika miezi miwili damu ilimwagika msikitini na kanisani.

Mwislamu wa jirani akifa, Mkristu aende msibani. Akae na wafiwa, asaidie kuchota maji na kupasua kuni. Kama hajui sala zao, anyamaze kwa adabu. Hana ruhusa ya kusema, "Huyu amepotea," kwa maana hukumu ni ya Mungu. Je, aweza kumwombea? Aweza. Katika Misa Kanisa huwakumbuka pia marehemu wasiokuwa Wakristu, ambao Mungu anaijua mioyo yao. Jioni, nyumbani, mtoto akiwataja wafu wa jamaa yake katika sala, amtaje na huyo jirani kwa jina lake.