Kabla ya Dawa ya Usingizi, Sema Ulichokula



Hapa Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu, watu huenda kwenye chemchemi za maji ya moto kukanda viungo vinavyouma. Maji hayo hutuliza. Lakini mama akishindwa kujifungua na ikabidi apasuliwe, maji ya moto hayatoshi. Inahitajika dawa ya kuzuia maumivu. Wengine huiita nusukaputi. Kwa Kinyarwanda ni ikinya.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, akimpasua mama ili kumtoa mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa kidogo. Felkin alipoondoka siku 11 baadaye, mama na mtoto walikuwa hai. Wazee walijua maumivu hupunguzwa. Tofauti ni kwamba leo dawa hupimwa kulingana na uzito wako, na mtaalamu wa usingizi hukaa karibu nawe akiangalia pumzi na mapigo ya moyo mpaka mwisho.

Dawa hizi ni za aina gani?

1. Ganzi ya sehemu moja. Hutumika kung'oa jino au kushona kidonda. Wewe uko macho.

2. Sindano ya mgongo. Hutumika sana kwa akina mama wanaopasuliwa. Unasikia watu wakiongea, lakini tumbo na miguu haina maumivu. Miguu itakuwa mizito kwa saa kadhaa, kisha nguvu hurudi. Usiinuke peke yako.

3. Usingizi kamili. Hutolewa kwa sindano au kwa hewa ya kuvuta. Dawa moja inayotumika sana ni ketamini. Mgonjwa aliyepewa ketamini anaweza kufumbua macho akiwa bado hajitambui, na akizinduka anaweza kuona ndoto za ajabu au kusema maneno yasiyoeleweka. Ndugu wa mgonjwa, hayo si mapepo wala uchawi. Mwiteni muuguzi, kaeni naye kwa utulivu. Hali hiyo hupita.

Kwa nini unaambiwa usile?

Ukiwa macho, koo lako huzuia chakula kisiingie kwenye mapafu. Ukilala kwa dawa, ulinzi huo hulegea. Chakula kikipanda kutoka tumboni, kinaweza kuingia kwenye mapafu na kukuua. Kwa kawaida mtu mzima huacha kula saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu huachwa saa 2 kabla. Uji ni chakula. Chai ya maziwa pia huhesabiwa kama chakula. Mtoto anayenyonya ana muda wake, kwa hiyo mama, uliza.

Tunajua ilivyo: shangazi anamwonea mgonjwa huruma, anampa kikombe cha uji kwa siri "apate nguvu." Huruma hiyo ni ya hatari. Na kama ameshakula, msifiche. Upasuaji unaweza kusogezwa mbele; na kama ni wa dharura, mtaalamu atachukua tahadhari. Hatakugombeza kwa kusema kweli, na hata akikugombeza, ni afadhali kuliko kifo.

Mweleze mtaalamu pia:
- dawa zote unazotumia, hata za miti shamba;
- pombe au sigara;
- pumu, presha, kisukari, au mimba;
- dawa iliyowahi kukudhuru, wewe au ndugu yako wa damu;
- jino linalolegea.

Ukitumwa kutoka kituo cha afya kwenda Hospitali ya Gisenyi na hujui Kinyarwanda vizuri, omba mtu wa kukutafsiria kabla hujaweka sahihi. Uliza: "Nitalala au nitakuwa macho? Nitaamka lini?" Ni haki yako kujibiwa.

Dawa ya usingizi ni rafiki wa mgonjwa asemaye kweli.