Vuta pumzi kwanza: Dakika tano zinazoweza kukutuliza

UMEKWAMA kwenye msongamano wa Jogoo Road, mwenye nyumba anapiga simu kuhusu kodi na mahojiano ya kazi ni saa nne. Moyo unadunda, mabega yamekaza na pumzi inaishia kifuani tu. Hiyo hali unaijua, sivyo?

Hebu weka mkono tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lijae. Itoe polepole ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika tano. Hata abiria uliyeketi naye kwenye matatu hatajua unafanya mazoezi.

Hapa hakuna uchawi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukishuka hadi mara sita hivi, mshipa wa fahamu uitwao vegasi, unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, huambia moyo upunguze kasi. Mapigo hutulia unapotoa pumzi, ndiyo maana kuitoa kunafaa kuchukua muda mrefu kuliko kuivuta.

Yoga inaongezea hapo kunyoosha viungo. Ukikaa kwenye kompyuta au boda siku nzima, mgongo wako unajua shida yenyewe. Mnamo 2017, chama cha madaktari cha American College of Physicians kilitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya dawa kwa wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu.

Na kama unadhani haya ni mambo ya mabwanyenye wa Karen, umekosea. Africa Yoga Project, iliyoanza Nairobi mwaka wa 2007, imefunza vijana kutoka mitaa ya mabanda hadi wakawa walimu. Wengine hujipatia riziki kwa kazi hiyo.

Lakini tusidanganyane. Yoga inaweza kushusha presha kidogo, ila haichukui nafasi ya tembe ulizoandikiwa na daktari. Una pumu? Usiache 'inhela' yako nyumbani. Una presha ya macho? Usisimame kwa kichwa. Ukihisi kizunguzungu, acha na upumue kawaida. Na ikiwa huzuni au hofu imekukalia zaidi ya wiki mbili, hulali wala huna hamu ya kula, ongea na daktari au mshauri nasaha. Kwenda huko si udhaifu.

Utaanzaje? Tandika leso sakafuni asubuhi, kabla hujashika simu. Piga magoti, kalia visigino, inama mbele hadi paji la uso liguse sakafu na upumue mara kumi polepole. Siku ya kwanza utaona ni kama mchezo, na pengine hutahisi chochote. Endelea tu kila siku, kwa sababu faida huja kwa kurudia. Haba na haba hujaza kibaba.