Juliet García: Kuingia Chuoni na Kumaliza

Tunapozungumzia kupanua fursa za elimu ya juu, mara nyingi tunahesabu waliodahiliwa tu. Kazi ya Dkt. Juliet García katika jimbo la Texas, Marekani, inaonyesha kuwa udahili ni hatua ya kwanza, na kwamba muundo wa vyuo wenyewe waweza kumkwamisha mwanafunzi aliyekwisha kuingia. Tumemchagua pia kwa kuwa ni mwenzetu katika fani: shahada yake ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ilikuwa ya mawasiliano na isimu.

García alizaliwa mwaka 1949 mjini Brownsville, kando ya mto Rio Grande. Ng'ambo ya mto ni Matamoros, Meksiko. Wakazi wengi wa Brownsville wana asili ya Kimeksiko, na Kihispania ni lugha ya nyumbani kwa familia nyingi. Alifundisha katika Texas Southmost College, chuo cha miaka miwili mjini humo, na mwaka 1986 akawa mkuu wake. Alikuwa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Kimeksiko kuongoza chuo nchini Marekani.

Tatizo lilikuwa hili. Mwanafunzi aliyemaliza miaka miwili hakuweza kupata shahada hapo. Ilimbidi aombe nafasi upya katika taasisi nyingine, akubali ada nyingine, na pengine aambiwe kuwa baadhi ya kozi alizosoma hazihesabiwi. Hata tawi la chuo kikuu lililokuwapo mjini lilikuwa na taratibu zake. Fedha nazo zilikuwa haba. Mwaka 1987 wananchi na mashirika ya Wamarekani wenye asili ya Kimeksiko waliishtaki serikali ya jimbo kwa kuvinyima vyuo vya mpakani haki yao. Mwaka 1993 mahakama ya juu ya jimbo iliipa serikali ushindi, lakini wakati huo shinikizo la kesi lilikwisha kulifanya bunge la jimbo liongeze fedha kwa ukanda huo.

Katika mazingira hayo kilianzishwa Chuo Kikuu cha Texas cha Brownsville, na García akawa mkuu wake mwaka 1992. Kiliingia ubia na Texas Southmost College: taasisi mbili, kampasi moja, uongozi mmoja. Mwanafunzi alidahiliwa mara moja, akaweza kuanzia cheti hadi shahada ya uzamili bila kuhama.

Mwaka 2007 serikali kuu ya Marekani ilipanga kujenga uzio wa mpakani ambao ungeikata kampasi, sehemu yake ibaki upande wa Meksiko wa uzio. García alikataa kuruhusu wapimaji waingie. Shauri lilifika mahakamani, na mwaka 2008 wakakubaliana kwamba chuo kiimarishe uzio wake chenyewe.

Ubia wenyewe haukudumu. Texas Southmost College kilirudi kujitegemea. García aliacha ukuu mwaka 2014, na mwaka uliofuata chuo kikuu chake kiliunganishwa na kingine kuunda University of Texas Rio Grande Valley. Mwaka 2022 Rais Biden alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais, nishani ya juu kabisa ya kiraia nchini humo.

Sisi walimu wa lugha tuna la kujifunza hapa. Kila idara ina masharti yanayomtaka mwanafunzi aanze upya: mtihani wa pili, kozi ya kurudia, cheti kisichotambuliwa na jirani. Mengine yana sababu nzuri. Mengine yamebaki kwa mazoea tu, na hayo ndiyo tunayopaswa kuyapitia kabla ya kumlaumu mwanafunzi aliyeishia njiani.