Kasri la Dunga na Watu wa Kisimani



Kila mwenye asili ya Unguja ana jumba moja ambalo utotoni alikatazwa kulipita baada ya magharibi. Letu sisi lilikuwa Dunga. Gari la mbao liendalo Chwaka lilipofika nusu ya njia, mazungumzo yalipungua, na sisi watoto tukajikunyata kwenye mabenchi. Tuliambiwa kwamba usiku husikika pale ngoma zisizo na mpigaji, na kwamba kuta zile hazikujengwa kwa chokaa peke yake. Sasa watoto wetu waliozaliwa huku ugenini wamezisikia habari hizo kwa bibi zao, nao wanatuuliza ni kweli au ni za kutishia watoto. Swali hilo linastahiki jibu kamili.

Kasri la Dunga lilijengwa kwa ajili ya Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, mtawala wa Wahadimu, katika miaka ya 1840 na 1850. Vijana wengi hudhani kwamba kabla ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja nchi ile haikuwa na mwenyewe. Sivyo. Wahadimu walikuwa na mfalme wao, na Sayyid Said hakumwondoa. Alimwacha awatawale watu wake na kukusanya kodi kwao. Wazee husimulia kwamba siku moja Sayyid alimkasirikia Mwinyi Mkuu akamtia kifungoni, na mvua ikakatika kisiwani miaka mitatu, mpaka alipofunguliwa na kurudishwa kwa heshima. Anayetaka kuamini na aamini. Lakini hadithi hiyo yatuonyesha jinsi wenyeji walivyomwona: mfalme asiye na jeshi wala marikebu, ambaye hata mawingu yalimwonea haya.

Enzi yake ilikuwa katika ngoma na siwa. Ngoma hizo zilichongwa kwa ustadi na kuandikwa kwa hati za Kiarabu, nazo zilifichwa mahali pasipojulikana na kila mtu. Ilisemwa kwamba hulia zenyewe shari inapokaribia. Hiyo ndiyo asili ya ngoma za usiku tulizotishwa nazo garini. Kwa bahati njema ngoma na siwa hizo hazikupotea. Ziliokolewa zikawekwa katika makumbusho ya mjini.

Tuje kwenye kuta. Jumba la namna ile lilihitaji mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na chokaa iliyochomwa kwenye matanuu. Kila kitu kilitoka pwani, na Dunga iko katikati ya kisiwa. Mtu na afikirie safari hizo, mzigo baada ya mzigo, kichwani na begani. Basi hadithi yasema kwamba kasri lilipokuwa likijengwa watumwa walichinjwa, damu yao ikachanganywa na chokaa ili kuta ziwe imara na nyumba iwe na baraka.

Baraka! Mwislamu akilisikia neno hilo mahali kama hapo hutetemeka. Lakini tusijifanye kwamba fikra yenyewe ni ngeni kwetu. Hata leo wapo wachinjao mbuzi juu ya msingi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na wengine ukiwauliza wanamchinjia nani hukosa jibu zuri.

Na hadithi hiyo haikubaki Dunga. Husimuliwa juu ya Mambo Msiige, jumba la Shangani lililojengwa karibu na miaka ile ile, ambalo sasa ni sehemu ya hoteli kubwa. Huko husemwa kwamba chokaa ilikorogwa kwa mayai maelfu kwa maelfu, na kwamba watumwa walizibwa ukutani wangali hai. Husimuliwa pia juu ya nguzo za Beit el-Ajaib, kasri la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lile ambalo upande wake wa mbele na mnara wake viliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Tukizikuta hadithi tatu zenye sura moja, ni wepesi kusema ni uzushi uliopita kutoka baraza hadi baraza. Nasi tungesema hivyo, lau si kisima. Katika miaka ya 1920 sehemu ya magofu ya Dunga ilibomolewa, na kisima kilichokuwa karibu kikakutwa kimejaa mifupa ya watu hadi nusu yake.

Mifupa si chokaa. Haithibitishi kwamba damu ilitiwa ukutani. Lakini mtu aliyekufa akiwa na jamaa huoshwa, husaliwa na kuzikwa kuelekea kibla, hatupwi kisimani. Kwa hiyo wale, kwa vyovyote walivyofika pale, walikuwa watu ambao hapakuwa na mtu wa kuwaulizia. Sisi twaona kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha hadithi tangu mwanzo. Majina ya wenye makasri yameandikwa. Ya waliobeba mawe hayakuandikwa, basi watu wakayahifadhi kwa njia pekee waliyokuwa nayo, kwa kusema kwamba bado wamo ukutani.

Mwinyi Mkuu Muhammad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alimfuata mwaka 1873, na baada yake hapakuwa na Mwinyi Mkuu mwingine. Mwaka huo huo soko la watumwa la Unguja lilifungwa, ingawa utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897. Kasri likaachiwa popo na miti.

Jambo moja huwa gumu kulisema katika mikusanyiko yetu. Wanaokula biriani sinia moja nasi siku ya Idi, wamo ambao babu zao walimiliki, na wamo ambao babu zao walimilikiwa, na wengi wetu tuna damu za pande zote mbili. Dunga haikuwa ya Mwarabu wala ya Mzungu. Ilikuwa ya mfalme mwenyeji. Mtoto akiuliza, “Sisi tulikuwa upande gani?” asiambiwe kwamba hizo ni habari za majini.

Shangazi yetu mmoja hakuwa na hofu ya pale. Gari lilipopita Dunga wenzake wakinyamaza, yeye alifungua viganja juu ya mapaja akasoma Fatiha kwa sauti ndogo. Siku moja tulimwuliza anamsomea nani, maana hatukuwa na jamaa aliyezikwa Dunga.

“Wale wa kisimani,” alisema, akajipangusa uso, akatutaka tumshikie kikapu chake.