Mpira wa Dawa Ukiziba Mshipa wa Mtoto

Katika vikundi vyetu wako wazazi wenye watoto wanaotibiwa saratani au figo katika hospitali kubwa. Mtoto kama huyo huweza kurudi nyumbani na mpira mwembamba kifuani au shingoni. Majirani huuliza: huo mpira ni wa nini?

Mpira huo umeingizwa katika mshipa mkubwa wa damu, na ncha yake iko karibu na moyo. Dawa kali za saratani zaweza kuchoma mshipa mdogo wa mkono, na mashine ya kusafisha damu huhitaji damu nyingi kwa haraka. Kwa hivyo mpira hukaa ndani wiki nyingi, hata miezi.

Lakini una shida yake. Ni kama tawi lililonasa kwenye mfereji wa shamba: takataka hushikana hapo, maji yakakwama. Vivyo hivyo damu huweza kuganda kando ya mpira na kuziba mshipa.

Dalili za kuangalia:
1. Mkono, shingo au uso kufura, au kuuma.
2. Mishipa ya kifua kuonekana imetokeza.
3. Mpira kukataa kupitisha dawa.
4. Kupumua kwa shida. Hii ni hatari, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Ukiona mkono umefura, usiukande. Damu iliyoganda yaweza kung'oka ikaenda kwenye mapafu. Pia usiuvute mpira wala kujaribu kuuzibua mwenyewe.

Hospitalini watampima kwa ultrasaundi. Akipatikana ameziba, hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, kama heparini ya sindano au warfarini ya kumeza, mara nyingi kwa miezi 3 hivi. Mpira usiohitajika tena hutolewa, lakini daktari ndiye anayeamua lini. Wakati wa dawa hizi usimpe aspirini wala miti-shamba bila kumwuliza daktari. Akitokwa damu puani au akienda choo cheusi, mrudishe upesi.

Mama, usiseme "tungoje kliniki ya mwezi ujao." Mishipa mikubwa ni michache. Mtoto wa figo akiipoteza leo, kesho mashine itaunganishwa wapi?

Kikundi nacho kina kazi. Wekeni kando nauli ya dharura, na mjue mapema ni nani mwenye gari la kukimbiza mtoto usiku. Shilingi chache za kila mkutano zaweza kuokoa mshipa, na mtoto pia.